UZI: Bushi za kupachika betri ndogo za kuchaji kwenye tochi za betri kubwa

Igombe_Ziwani (mwanzisha mada)

Habari za jioni wanajukwaa.

Ninazo tochi mbili za bati za betri tatu kubwa, zile ndefu ambazo zamani karibu kila nyumba ya huku kwetu ilikuwa nayo moja nyuma ya mlango. Mwili ni mzima, swichi inashika, kioo hakijapasuka. Tatizo ni betri. Betri kubwa za kawaida zikisahaulika humo baada ya kuisha huvuja na kula springi ya nyuma, na kwa mtu anayeshuka mwaloni, pale mitumbwi ya ziwani inapotia nanga, kabla ya alfajiri kupokea dagaa, hasa kipindi cha giza mitumbwi inapotoka kila usiku, kununua betri tatu mpya mara kwa mara ni gharama isiyokwisha. Nimeulizia betri kubwa za kuchaji mjini. Nilizoonyeshwa zilikuwa nyepesi mno mkononi, na muuzaji alikubali kwamba ndani yake kuna betri ndogo iliyovishwa ganda kubwa. Kama mambo yenyewe ndiyo hayo, ni heri nilivishe ganda mwenyewe.

Ninazo betri ndogo za kuchaji za AA, zile za nikeli zilizoandikwa Ni-MH, volti 1.2 na mAh 2000 (mAh ni kipimo cha umeme inaoweza kubeba), pamoja na chaja yake. Pia ninazo mbili za lithiamu aina ya 18650. Naomba wenye uzoefu wanieleze bushi, yaani ganda la kuifanya betri ndogo ikae mahali pa kubwa, nitengeneze kwa kitu gani, urefu unaopungua niuzibe kwa nini, na kama globu itawaka sawasawa kwa volti 1.2 badala ya 1.5.

Fundi_Mabatini

Ndugu Igombe, kabla ya kukata chochote shika vipimo. Betri kubwa ya duara, ile ya D, ina kipenyo kisichozidi milimita 34.2 na urefu usiozidi 61.5. AA ina kipenyo cha 14.5 na urefu wa 50.5. Kwa hiyo unatafuta vitu viwili tofauti ambavyo watu wengi huvichanganya: ganda la kuzuia betri isichezecheze pembeni, na kijazio cha milimita 11 cha kufidia urefu. Ganda halipitishi umeme na halitakiwi kupitisha. Kijazio ndicho kinachopitisha umeme wote wa tochi, na tochi nyingi za namna hii zinazosemwa kuwa "zimekataa" betri ndogo zimekataa kwa sababu ya kijazio kibovu.

Ganda ni rahisi. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uombe vipande vya bomba la plastiki vilivyobaki, vya milimita 20, 25 na 32. Hivyo ni vipimo vya nje. La 32 linaingia ndani ya tochi ya D bila kugoma, la 25 linaingia ndani ya la 32, la 20 ndani ya la 25, na AA inalala ndani ya la 20. Pale panapobaki uwazi, zungusha tepu ya umeme mpaka kitu kiingie kwa kusukumwa kidogo, kisiingie kwa kudondoka.

Sasa jambo ambalo hupitwa na wengi. Usikate bomba kwa urefu ule ule wa betri kubwa. Ukilikata 61.5 kamili, au likawa refu kidogo kuliko betri na kijazio vikiunganishwa, springi ya nyuma ya tochi itakandamiza plastiki badala ya kukandamiza chuma, nawe utakaa unageuza betri na kugonga tochi kwenye goti bila kuona mwanga. Kata milimita 59, halafu laza ncha zake kwa msasa juu ya kitu bapa ili zisiwe na mshazari. Ukiisimamisha bushi mezani, kichwa cha boliti ya kijazio, nitakayoieleza hapa chini, kiwe kimejitokeza chini kidogo, na chuchu ya betri iwe imejitokeza juu kidogo. Pitisha ukucha pembeni: ukisikia chuma kabla ya plastiki pande zote mbili, umemaliza.

Kwa kijazio, chukua kipande cha mti mgumu au cha plastiki nene, kikate duara linaloingia ndani ya bomba la 20, kitoboe katikati, kisha pitisha boliti fupi ya shaba ya manjano na nati yake. Kichwa cha boliti kielekee nje na nati ielekee betri. Rekebisha mpaka jumla ya kichwa, kipande na nati ifike milimita 11. Boliti ya chuma iliyopakwa zinki inafaa pia, ila kwa unyevu wa ziwani utalazimika kuipiga msasa mara kwa mara.

Kirumba_Kijana

Fundi, kwa nini mtu asumbuke kiasi hicho? Mimi hukunja karatasi ya foili ya pakiti ya sigara, naishindilia chini ya betri, na tochi inawaka.

Fundi_Mabatini

Inawaka leo, mdogo wangu. Foili inapokandamizwa hubonyea na kubaki imebonyea, kwa hiyo springi inakosa nguvu ya kuishika, na tochi huanza kufifia kila unapopiga hatua. Kisha foili hukatika vipande, na kipande kimoja kikisogea pembeni kinaweza kuunganisha upande wa chanya na mwili wa tochi ambao ni wa bati. Kwa betri ya nikeli utaungua vidole. Kwa lithiamu ni jambo lingine kabisa.

Washa zilizopangwa ni afadhali kuliko foili. Washa ya kawaida ya boliti ya milimita 8 ina unene wa 1.6 na upana wa 16, hivyo saba zinakupa 11.2, karibu sana na unachotafuta. Lakini hesabu mahali zinapogusana: washa saba ni nyuso nane za kukutana, na kila moja ikipata kutu kidogo inapunguza umeme. Boliti moja ina sehemu mbili tu za kugusa.

Mwalimu_Nyakato

Nitajibu swali la volti, kwa kuwa hilo ndilo linalowatisha watu bure.

Toa globu uisome shingoni. Globu za tochi za betri tatu kwa kawaida huandikwa volti 3.8 na ampea 0.3, na za betri mbili huandikwa 2.5. Jiulize kwa nini isiandikwe 4.5 ilhali betri tatu za 1.5 zinafikisha 4.5. Sababu ni kwamba betri ya kawaida ya zinki na kaboni haikai kwenye 1.5 inapofanya kazi. Inaanza hapo, kisha inateremka taratibu tangu unapowasha mpaka inapokufa, na watengenezaji wa globu walilipigia hesabu hilo. Betri ya nikeli hutenda kinyume: inapotoka kwenye chaja inazidi 1.2 kidogo, inatulia karibu na 1.2 kwa sehemu kubwa ya kazi yake, kisha inaanguka ghafla mwishoni. Tatu zinakupa 3.6, na kwa globu ya 3.8 huo ni mwanga ulio karibu sana na uliokusudiwa, tena usiopungua polepole kama ulivyozoea.

Muda nao unahesabika. mAh 2000 zikigawanywa kwa milliampea 300 ni zaidi ya saa sita. Hiyo ni ndogo kuliko betri kubwa ya alkalini, ambayo inaweza kubeba zaidi ya mAh 10,000, lakini mtu anayeshuka mwaloni na kurudi hahitaji kukesha, na betri zitarudi kwenye chaja asubuhi.

Ikiwa umebadilisha globu ukaweka taa ya LED, angalizo ni moja. LED nyeupe inahitaji volti zipatazo 3 ndipo iwake vizuri. Tochi ya betri tatu inazo. Tochi ya betri mbili za nikeli ina 2.4 tu, na kama ndani yake hakuna saketi ya kupandisha volti, LED itafifia au haitawaka hata bushi yako ikiwa imechongwa kwa ustadi wa namna gani.

Nansio_Bandarini

Mwangaluka wote. Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia. Kama ndugu Igombe anazo 18650 tayari, ya nini kutengeneza bushi tatu wakati moja inatosha? Betri moja ya lithiamu ina volti 3.7, na ikijaa kabisa ni 4.2. Betri tatu mpya za kawaida ni 4.5. Globu ya betri tatu inaimudu, ingawa dakika za mwanzo itang'aa kwa ukali na maisha yake yatapungua kiasi.

Hesabu ya urefu ni hii: betri tatu kubwa ni milimita 184.5, na 18650 ni 65, hivyo zinabaki 119.5. Mimi nilichukua boliti isiyo na kichwa, ile yenye meno mwili mzima, ya milimita 6, nikaikata kwa msumeno wa chuma, nikaipitisha katikati ya kipande cha mti kilichochongwa kama betri mbili zilizoungana, na kufunga washa na nati kila upande. Betri yenyewe inakaa kwenye bomba la 25, kwa kuwa kipenyo chake ni 18 na kwenye la 20 haiingii. Tochi imekuwa nyepesi, na inapoingia majini wakati wa kushusha mzigo ni kitu kimoja tu cha kukausha.

Fundi_Mabatini

Ndugu wa Nansio, njia yako ni sahihi kwa tochi ya betri tatu, lakini ikiachwa bila masharti kuna mtu ataisoma nusu na kuunguza kitu. Niyaongeze.

La kwanza, kijazio kikae upande wa hasi daima. Itazame 18650 kwa juu, ile isiyo na chuchu. Katikati kuna chanya bapa. Pembeni yake, kwa umbali wa milimita chache tu, kuna ukingo wa kopo, na kopo lote ni hasi. Kinachozitenganisha ni pete nyembamba na ngozi ya plastiki isiyozidi unene wa karatasi. Washa pana ikikaa juu ya uso huo na ngozi ikakwaruzika, betri imejiunganisha yenyewe, na betri ya lithiamu ikijiunganisha ndani ya mrija wa bati uliofungwa haikupi muda wa kufikiri. Upande wa chini kopo lote ni hasi, kwa hiyo hata washa ikisogea haina cha kuunganisha. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi ule mtindo wa kubandika sumaku ndogo juu ya chanya ili kupata chuchu: sumaku huteleza tochi inapoanguka. Anayehitaji chuchu anunue betri yenye chuchu. Asichomelee risasi juu ya betri ya lithiamu, kwani joto la chuma cha kuchomelea huharibu yaliyomo ndani.

La pili, katika tochi ya globu ya betri mbili, iliyoandikwa 2.5, hiyo 4.2 itakata globu papo hapo.

La tatu, zipo betri za lithiamu zinazoitwa 14500, zenye umbo la AA kabisa, na mtu asiyesoma maandishi hawezi kuzitofautisha. Ukizitia tatu kwenye bushi tatu unapeleka volti 12.6 kwenye globu ya 3.8. Wenye aina zote mbili nyumbani waweke alama ya rangi kwenye bushi za nikeli.

La nne, usizibe kwa gundi upande wa chanya wa 18650. Pale juu pana vitundu vya kutolea hewa betri inapopata joto kupita kiasi, na bushi isivifunike.

Igombe_Ziwani

Fundi na mwalimu, asanteni. Nimetoa globu nikaisoma: ni 3.8 na 0.3 kama ilivyosemwa. Nitaanza na bushi tatu za AA. Ila 18650 zangu mojawapo imeandikwa mAh 9900 na nyingine imetoka kwenye betri ya laptop iliyokufa. Zinafaa kwa tochi ya pili?

Mwalimu_Nyakato

Hiyo ya 9900 ni maandishi tu, ndugu yangu. 18650 nzuri za kawaida hufika takriban mAh 3,500, na zinazozidi hapo hazizidi kwa mbali. Njia ya haraka ya kuitambua ni uzito, kwa sababu betri halisi ya aina hii huwa na gramu 45 hivi. Mwanza hatukosi mizani midogo ya kupimia dhahabu. Mwombe jirani mwenye nayo akupimie. Ukikuta gramu 30, ndani kuna betri ndogo zaidi au kuna kitu kisicho betri. Ni ule ule ujanja wa betri kubwa nyepesi uliouona mjini.

Ile ya laptop ipime kwa mita kabla ya kuichaji. Ikiwa imekaa chini ya volti 2.5 kwa muda mrefu, usiifufue. Ikiwa juu ya 3, ichaji kwenye chaja ya lithiamu yenye kukoma kwenye 4.2, iache ipumzike siku kadhaa, kisha ipime tena uone kama imeshuka. Kamwe usiitie kwenye chaja ya zile za nikeli. Na ujue kwamba betri ya laptop ikitolewa kwenye kasha lake haina tena saketi ya kuilinda, kwa hiyo mwanga wa tochi ukianza kuwa mwekundu izime, usiikamue mpaka mwisho.

Mama_Kayenze

Naomba nami nisaidiwe. Sisi tunaoanika dagaa usiku tunatumia tochi ndogo za kuvuta mwanga, zile zinazokuja na kikasha cha betri tatu nyembamba za AAA na kimrija cheupe cha plastiki. Kimrija cha yangu kimepotea, na nikiweka ile betri nene ya kuchaji bila hicho kimrija inagongagonga ndani na taa inazimika. Bomba la maji nimejaribu, la 20 halipokei betri na la 25 haliingii kwenye tochi.

Fundi_Mabatini

Mama, shikamoo. Tochi yako inahitaji ganda jembamba kuliko bomba lolote la maji. Nenda duka la dawa za mifugo ununue bomba la sindano la mililita 20, jipya, lisilo na sindano. Kwa ndani lina milimita 19 hadi 20, na 18650 inaingia kama imepimiwa. Toa ile pampu, kata masikio ya juu na ncha ya chini kwa kisu kilichopashwa moto, ubaki na mrija mtupu ulio mfupi kidogo kuliko betri. Nenda na tochi yako dukani, kwa kuwa unene wa nje hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Kijazio cha urefu hukihitaji, kwa sababu tochi hizo zimepimwa kwa betri hiyo hiyo. Ile AAA tatu na kikasha chake ndiyo iliyokuja kama mbadala.

Nansio_Bandarini

Au, mama, chukua maboya ya nyavu, yale ya povu gumu yenye tundu katikati, yanayouzwa madukani hapo Mwaloni. Yakikatwa vipete viwili, kimoja kwa juu na kimoja kwa chini ya betri, yanaishika vizuri bila kuifunika yote. Vipande vya kandambili, vile tunavyofungia nyavu, vinafanya kazi hiyo pia, lakini povu lake ni laini, na likilowa hukaa na maji.

Mama_Kayenze

Marahaba, fundi. La sindano nimelipata na limeingia. Betri imetulia. Asanteni nyote.

Kirumba_Kijana

Nimeona mtandaoni bushi zinazobeba AA mbili au tatu kwa pamoja ndani ya umbo la betri moja kubwa. Si ndizo zingempa ndugu Igombe saa nyingi zaidi?

Mwalimu_Nyakato

Zinaongeza muda kweli, kwani AA tatu zikiwekwa sambamba hubaki volti 1.2 na mAh zinajumlishwa. Sharti lake ni betri zinazofanana: aina moja, umri mmoja, zimechajiwa pamoja. Ukiweka moja iliyojaa kando ya moja iliyoisha, iliyojaa itaanza kuilisha mwenzake humo humo ndani hata tochi ikiwa imezimwa. Na usichanganye ya nikeli na ya kawaida isiyochajiwa. Kwa tochi ya betri tatu ni AA tisa za kuangalia, na kwa kazi ya mwaloni sioni faida inayolingana na usumbufu huo.

Igombe_Ziwani

Bushi tatu zimekamilika na tochi inawaka. Bomba nililipata kwa fundi bomba wa hapa kijijini, vipande vya kutupwa. Mbili zilikubali mara moja. Ya tatu ilikuwa inawaka na kuzima nikiitikisa, nikakuta nati ya kijazio imekaa upande na inagusa ukingo wa bomba badala ya kitako cha betri. Nimeinyoosha na kuongeza washa moja upande wa betri, sasa imeshika. Springi ya nyuma niliipiga msasa mpaka ule ukungu wa kijani ukaisha. Swali la mwisho: ndugu yangu wa Sengerema ana redio ya betri za kati, zile za C. Naye atengeneze kijazio?

Fundi_Mabatini

Yeye ana bahati. Betri ya C ina urefu wa milimita 50 na AA ina 50.5, kwa hiyo urefu ni ule ule na kijazio hakihitajiki. Bomba la 25 nje, la 20 ndani, tepu kidogo, basi. Akinunua za kiwandani badala ya kutengeneza, azigeuze atazame chini: za C zinaweza kuwa wazi kabisa na zikafanya kazi, lakini za D lazima ziwe na sahani ya chuma kwenye kitako. Ya D isiyo na chuma chini ni ganda tupu, na bado atanihitaji mimi na boliti yangu.